Mama Mdogo, Nimelala Peke Yangu Msituni

Nyumba ya mama,
chumba cha mbele, dirisha wazi.
Jumapili jioni, tarehe nane.

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nakujua, wewe barua unazisoma umesimama mlangoni na mwiko mkononi. Keti kwanza. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua kwenye ngazi, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Na baba mdogo, presha yake imeshuka, au bado anaficha chumvi kwenye mfuko wa koti? Mimi ni mzima kabisa. Safari hii hilo "kabisa" si la kujazia barua.

Najua unasubiri jibu langu kuhusu kuhamia kwako. Mjomba naye alikuwa akilisubiri, kwa sababu alisema mwisho wa mwezi huu lazima ijulikane: ama nabaki kwenye nyumba hii, ama inapangishwa na mimi naacha kazi, nafunga virago nije kwako. Jibu ninalo. Lakini nivumilie kidogo nikusimulie nilikotoka, maana bila hilo hutanielewa.

Nimetoka msituni. Nimelala huko siku mbili, kwenye hema, peke yangu. Usishike kichwa. Nimerudi na viungo vyangu vyote.

Unajua hali ilivyokuwa. Miaka yote ile ya ugonjwa wa mama nililala chumbani kwake, kitanda changu kikigusana na chake, sikio moja limelala na jingine liko macho. Akikohoa mara moja, nimeshakaa. Akikohoa tena, kikombe cha maji kiko mkononi. Alipotutoka, sikio langu halikupata habari, likaendelea na zamu. Kutwa nzima natandika vitanda hotelini ili wageni walale fofofo, na mwenyewe nasinzia nimeegemea kigari cha taulo. Meneja alinikuta hivyo zaidi ya mara moja, akaguna tu, akapita.

Na nyumbani hapakuwa na namna ya kujua kama naweza kuishi mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeniacha mwenyewe. Kila nikisema leo nalala peke yangu, jua likizama tu namwona binamu yangu Kengele huyo anakuja, mto wake kwapani. Unamjua Kengele, jina hilo hakupewa bure. Huongea mpaka usingizini. Nikimwambia arudi kwao, anasema katumwa na mjomba. Nikimuuliza mjomba, anasema mtu hawezi kuachwa peke yake na mawazo. Nawapenda wote wawili, lakini nilikuwa nimechoka kulindwa kama mtungi wa gesi.

Ndipo nikaona lazima niende mahali ambapo Kengele hawezi kunifuata na mto. Dereva wa hoteli alikuwa na hema stoo, la mgeni aliyelisahau na hakulirudia tena. Aliniazima, akanielekeza kambi ya msitu ambako watu hupewa kiwanja cha kupiga hema na kuna askari wa msitu anayewapitia. Mjomba nilimpigia kumuaga. Akauliza kama nimegombana na mtu.

Nilivyofungasha ungecheka. Wenzangu huenda msituni na kisu na kamba. Mimi nilibeba kigodoro, mashuka meupe yaliyopigwa pasi, mito miwili na foronya za akiba. Hema lenyewe lilisimama bila ubishi. Kisha nikatoa kwenye mfuko wa hema kitambaa kikubwa cha bluu, kizuri, laini, nikajua hicho ndicho kifuniko cha kitanda. Nikakitandika juu ya godoro, nikakunja pembe zote nne kihoteli, nikarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yangu. Nikajisifu.

Jioni askari wa msitu akapita, mwanamke wa makamo mwenye buti zilizomzidi miguu. Akachungulia ndani, akatazama juu mawinguni, akanitazama mimi.

"Dada, umeshawahi kulala kwenye hema?"

"Hii ndiyo mara ya kwanza."

"Naona. Maana paa umelitandika kitandani."

Mama mdogo, tulicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kile kitambaa ni cha kufunika hema kwa juu, mvua isipenye. Akanisaidia kukifunga, bado anafuta machozi, akaenda zake.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Nikajilaza. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa: tochi hapa, filimbi pale, panga nililoazima kwa jirani chini ya mto. Nikaisubiri hofu ije. Badala yake nikasikia kikohozi. Kikavu, karibu kabisa na hema.

Nilikaa kabla sijafikiri. Nikaitika, "Abee mama, nakuja!" na mkono tayari unapapasa kikombe. Kikaja kikohozi cha pili, halafu mwendo wa kwato kwenye majani makavu, ndipo nikatambua kwamba ni mnyama. Kesho yake askari aliniambia huyo ni pongo, swala wa msituni, akishtuka hukohoa hivyo.

Nilibaki nimekaa na mkono hewani. Ndiyo kwanza iliniingia kwamba mama hakohoi tena. Hataki maji, hataki kugeuzwa, haumwi. Nililia, mama mdogo, nililia kwa sauti kubwa, maana hapakuwa na wa kuninyamazisha. Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miezi yote hii nilikuwa naogopa kulala vizuri. Niliona nikilala usingizi wa kweli nitakuwa nimemwacha, kwamba sikio likilegea ndipo atakapokufa. Pale hemani nikamwambia, "Mama, sasa nalala." Nikalala.

Kilichoniamsha ni hema kutikiswa.

"Hodi! Hodi humo ndani! Dada, uko hai?"

"Nipo!"

"Jua limepanda zamani! Nimepita hapa, nimerudi, nimepita tena, nishaanza kutafuta maneno ya kuwaambia ndugu zako!"

Nilitoka nje nywele zimesimama. Paa la bluu lilikuwa limelowa chepechepe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mimi sikusikia hata tone. Mimi, niliyekuwa nasikia mama akigeuza shingo! Nilisimama pale kwenye majani mabichi nikacheka peke yangu. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliamshwa na mtu. Kwetu mwamshaji nilikuwa mimi. Mwili ulikuwa mwepesi kama nimetua mzigo ambao nilishausahau kwamba nimeubeba.

Siku ile sikufanya lolote la maana. Nilichemsha chai, nikatembea, nikakaa, nikala mkate bila kumpa mtu kwanza. Usiku wa pili nikalala vilevile, nikajua ule wa kwanza haukuwa uchovu tu.

Nimerudi juzi. Jioni Kengele huyo, mto kwapani. Nilimpikia chai tukaongea, yaani akaongea, kisha nikamsindikiza mpaka njia panda yeye na mto wake. Alinitazama kama nimemfukuza mkwe. Nikarudi, nikafunga mlango, nikalala chumbani kwa mama. Kitanda chake nimekitandika vizuri, kikae. Cha kwangu nimekisogeza dirishani. Nimeamka kumekucha, na jana hivyohivyo.

Basi jibu langu ni hili, na mjomba nimeshamwambia: sihami. Nabaki kwenye nyumba hii na kwenye kazi yangu. Mjomba ameshusha pumzi ndefu, nadhani naye alikuwa amechoka kumtuma Kengele. Lakini wewe najua litakuuma, kwa sababu umeshapaka chumba rangi, na kwa sababu uliniandikia kwamba nikicheka nafanana na dada yako. Niliposoma hapo niliikunja barua, kisha nikaifungua tena. Nafikiri nawe una sikio lako linalokesha. Ulitaka nije ili uwe unanisikiliza mimi, jinsi nilivyokuwa namsikiliza yeye. Nimeifanya kazi hiyo, naijua. Sitaki uifanye.

Nisalimie baba mdogo, na wadogo zangu wote, hasa yule fundi redio anayesema hajawahi kuniona nimekaa. Mwambie aje anione siku hizi. Mjomba anawasalimu, na Kengele anasema amekasirika lakini salamu anatuma. Mungu awape afya njema na nyumba yenye utulivu, na dada yako ampumzishe, yeye na sisi aliotuacha.

Likizo yangu ikifika nakuja kutembea. Nitalala kwenye chumba hicho ulichokipaka rangi, tutamtaja mama kutwa tukicheka na tukilia, na nitakaa mpaka unichoke. Ila usiku ukipita mlangoni kwangu ukasikia kimya, usifungue kunichungulia. Nenda kalale, mama mdogo. Nitakuwa nimelala.

Ni mimi nikupendaye,
mwanao, mtandika vitanda.