Betri Iliyokataa Kujaa

Al Khoudh, Maskati
21 Juni 2007

Kwako mpendwa Muhsina, bint mjomba,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani, na watoto? Mjomba Sleyum kifua kimempoa? Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limerudi na tende za jirani zimeanza kuiva.

Ile filamu ya Bibi uliyotuletea baada ya maziko tuliitia kwenye laptop. Wajua mamaangu hakuwahi kumzika mamaake. Basi kila alasiri alikaa dirishani akimtazama Bibi anapepeta mchele uani kwenu, kama mtu anayeota macho wazi.

Siku moja akaona chaji imesimama kwenye asilimia tisini na tano, haiendi mbele. Akaamini betri inakufa, na ikifa itaondoka na Bibi. Akaizima, akaifunga kwa kanga, asitake mtu aiguse. Hata kula akawa hali vizuri.

Mwanangu Mazoon, anayesoma chuo kikuu, akakaa naye.

"Haijaharibika. Betri hizi zikijazwa pomoni na kuachwa kwenye umeme, na joto letu hili, huzeeka upesi. Ndiyo maana mashine yenyewe huacha kuchaji kabla haijajaa. Na picha hazikai kwenye betri."

"Kumbe inajinusuru," mama akasema. Lakini kanga hakuifungua.

Kisha kikaja kimbunga, umeme ukakatika. Alasiri ile maji yakipita njiani kama mto, nikamwona mama anaifungua kanga mwenyewe. Tukakaa sote mkekani. Bibi akapepeta, akacheka, akamwita paka wake. Wallahi nilisikia harufu ya mchele mpya, nikasahau nipo Maskati.

Hatimaye betri ikaisha, kioo kikawa cheusi. Nikamshika mama mkono, nna hofu. Akaifunika laptop taratibu.

"Mwacheni apumzike," akasema.

Umeme uliporudi Mazoon akaichomeka, na Bibi alikuwepo vilevile. Mama hakwenda kutazama. Aliniuliza pasi yake ya kusafiria iko wapi. Anataka kumsomea Fatiha kaburini.

Atafika huko mwezi ujao, inshaallah. Mpokee uwanja wa ndege, na makaburini nenda naye, umshike mkono.

Msalimie sana mjomba, na kakaako Thabit na wanawe. Mungu awafunike kwa rehema yake.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye daima,
Khole