Mkia wa Kitenzi

Jumapili, 2 Machi 2025
Leo nimesoma Biblia ya Kiingereza cha kale kanisani. Nimesoma kama mfalme! Kila "cometh", kila "goeth", ulimi kati ya meno, mate hadi safu ya mbele. Kina mama wakajifuta.
Baada ya ibada Sagesse akanifuata — yule Mkongomani anayesomea historia ya Kiingereza chuo kikuu, Selly Oak. "Lennox, kwa Biblia unaweka mukia, ile '-eth'. Kwa kuongea unasema 'he go'. Mukia iko wapi?"
Nikacheka sana.

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Navnit, fundi umeme wa Sparkbrook ninayembebea nyaya, yuko tayari kuniandikisha niwe mwanagenzi wake. Lakini chuo cha ufundi kinataka nipite mtihani wa kuzungumza Kiingereza, Jumatatu ijayo. Nikianguka, nafasi inaenda kwa mpwa wake.
Nikamwambia Kiingereza nilikinyonya na maziwa. Akauliza, basi kwa nini juzi nilimwambia mteja "your wife want a socket"?

Jumatano, 5 Machi
Stesheni ya Selly Oak, na Sagesse. Treni zinapita, sisi tunasoma vitenzi.
Kumbe zamani kila mtu alikuwa na mkia wake! Wewe "-est", yeye "-eth". Hata watu wa mikoa hii walisema "they goen". Karne zikapita, mikia ikakatika. Ile "-eth" ikafukuzwa na "-s" iliyoteremka kutoka kaskazini. Imebaki hiyo tu: "he goes".
Nikamwambia poa, nitangoja. Karne mbili tatu nayo itadondoka, nipite bila kusoma.
Akanikumbusha mtihani ni Jumatatu.
Halafu nikatoa hoja — mimi! Kiswahili kinavaa kofia: *a*nakwenda. Nikishasema "he" nahisi kazi imekwisha, mkia wa nini tena? Sagesse akasema hiyo ni akili. Niliongezeka kimo papo hapo!
Mbinu yangu: "-s" ni nyembamba, inateleza. Nitafanya mazoezi na "-eth", nene, inayosikika. Nikizoea mkia, nabadilisha. Kichwa hiki!

Ijumaa, 7 Machi
"The kettle boileth." Mama katoka zamu ya kutunza wazee, kasimama mlangoni na koti lake. "Wewe Lennox, unamhubiria nani? Birika limeokoka?"
Mkia hausahauliki tena. Bingwa!
Tatizo dogo. Leo mtaa wa Shard End, mteja, bibi mzee, kauliza bosi yuko wapi. Nikajibu: "Navnit cometh."
Bibi akatazama mbinguni.

Jumapili, 9 Machi
Ile "-eth" haitoki. Nimesema "he goeths". Mikia miwili! Sagesse kacheka hadi kaegemea ukuta, kisha kaacha ghafla. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Korido ya chuo. Naandika nikingoja zamu yangu. Sss, sss — kama tairi lililotoboka. Navnit kaja mwenyewe, sweta safi. Kasema mpwa wake hapendi hata kugusa plagi. Haniangalii usoni.
Kijana wa mapokezi kafungua mlango wa mtahini: "Lennox? She want you now."
She WANT! Na kazaliwa hapa hapa! Nimelisikia pengo la mkia — maisha yangu yote sijawahi kulisikia. Kauliza kama rafiki yangu anaingia na mimi. Navnit kanigusa bega: jibu, mwambie nangoja nje. Sentensi ndogo tu. He, halafu kitenzi na "-s" yake. Nimesimama, kalamu mkononi, mdomo wazi —
ulimi umeshafika kati ya meno.