Tarehe Moja Januari

Cissy, uko wapi? Nimetoka darasani sasa hivi, treni imepita kituo cha Gullmarsplan na bado nina hasira.

Leo mwalimu wetu wa Kiingereza, Birgitta, ametufundisha neno "exact". Maana yake ni kamili, bila kukosea hata kidogo. Akataka kila mtu alitungie sentensi.

Nikasema siku yangu exact ya kuzaliwa ni tarehe moja Januari. Mkimbizi mwenzangu Cyriaque naye akasema tarehe moja Januari. Mama mmoja wa Kongo pia.

Birgitta akacheka. Cissy, alicheka. Eti hiyo ni tarehe ya karatasi tu, tafuteni mfano wa kweli.

Ya karatasi. Kwani niliiandika mimi? Afisa wa kambi ya wakimbizi nilimwambia mama alinizaa wakati wa kuvuna maharage, yeye akaandika tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia wote wasiojua tarehe yao.

Nikasimama. Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki kibovu: baba yangu aliuawa tarehe 24 Oktoba 1993, Jumapili, saa nne asubuhi, tukivaa kwenda misa. Hiyo ni exact?



Unajua alinijibu nini? Aliniuliza kama nataka maji.

Maji, Cissy.