Jasho la Chupa

Dada Kabula,

Mwangaluka. Tangu tukuzike nimejizuia kukuandikia, nikisubiri siku nyumba yako itakapoezekwa. Haijaezekwa. Nakuandikia nikiwa na kinyaa, na kinyaa chenyewe kwa sehemu kubwa najionea mimi.

Kuta za nyumba ya wajawazito uliyoianzisha pale zahanati yako ya Nkololo zimefika lenta, juu ya madirisha, zikaishia hapo. Wanaosubiri uchungu bado wanalala barazani, palepale ambapo yule mama alijifungua mvua ikinyesha, mtoto akafia mikononi mwako. Kesho yake ulikuja kibandani kwangu Bariadi, mimi nikiwa nimepindua baiskeli ya mteja, ukasema, "Mbuke, nitafutie baiskeli yenye gia. Nataka kupanda milima mpaka watu waniulize kwa nini." Nilikucheka. Sikujua kwamba msimu wa pamba ukiisha nitakuwa nyuma yako kwenye mlima wa Dareda, tunaelekea Mbulu, mapaja yanawaka, wewe unanipa matobolwa, vile viazi vikavu vya mama yako, na kunikemea nisitazame juu. Tulipochoka tulishuka tukasukuma. Gari hatukupanda hata siku moja, na watu walituchangia ujenzi kwa sababu waliiona miguu yetu.

Mwaka huu tumekwenda bila wewe. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi sasa ni Luhende, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitushonea fulana nzuri, akakodi mpiga picha. Tuliagwa kwa vigelegele, tukapita Nyalikungu watu wanatupungia. Mbele ya Sola, mahali pasipo na nyumba, tulikuta Fuso limeegeshwa pembeni. Wenzangu wakaanza kupakia baiskeli kama watu waliokwisha kukubaliana.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, watu wanajua tunaendesha."

Akasema, "Dada, wanachotaka ni picha. Unadhani bati litauliza tulifikaje?"

Ningeweza kubaki barabarani na baiskeli yangu. Sikubaki. Nilipanda, dada. Nilikaa juu ya gurudumu la akiba nikajiambia ni kwa ajili ya akina mama. Siku nane zetu zikawa siku mbili.

Karibu na kilele cha Dareda tulishushwa. Luhende akatoa chupa za maji. Walijimwagia usoni na mgongoni, wakajipaka vumbi miguuni, wanacheka. Mmoja alinimwagia mimi shingoni, nami nikainama ili yamwagike vizuri.

Kwenye kona ya juu watu walikuwa wamejipanga. Alitoka bibi mmoja na kibuyu cha maziwa. Akashika usukani wangu, akafungua kanga begani, akaanza kunifuta shingo taratibu, kama anavyofutwa mgonjwa. "Pole mwanangu," alisema. "Mlima huu umekuua." Alikuwa anafuta maji ya chupa. Nikasema asante, nikanywa maziwa yake, mpiga picha akapiga. Kisha nilikwenda nyuma ya kichaka nikayatapika yote.

Nilishuka na baiskeli mpaka chini kabisa nikaupanda mlima peke yangu. Nilifika juu jua linazama, hakuna mtu. Haikufuta kitu.

Tuliporudi, tulipokelewa pale zahanati. Luhende alisimulia mlima aliouona dirishani, watu wakampigia makofi. Nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Tulipanda Fuso. Hata mimi nilipanda." Nikaeleza na chupa. Luhende alininyang'anya kipaza sauti, akasema nina uchovu. Lakini wenzangu walikuwa wanatazama chini, na watu waliwaona.

Nilidhani nitajisikia msafi. Waliokuwa wameahidi mabati wamerudi nyuma, na sina la kuwalaumu. Kamati imenifukuza. Wiki iliyopita mke wa Kulwa, mwenye mimba ya miezi minane, alinisimamisha barabarani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mbuke, ungesubiri tuezeke kwanza, ungepungukiwa nini?" Wewe ungemjibu. Mimi bado natafuta jibu, na kila nilipatalo linanuka uongo.

Luhende naye hajambo. Picha ya yule bibi akinifuta shingo ameitundika dukani kwake. Mimi sasa napita njia ya nyuma.

Wabeja, asante dada, kwa kila kilomita uliyonivuta. Lala salama. Pamba ikishauzwa nitaondoka tena, mimi na wauguzi wawili wa pale kwako, bila fulana wala mpiga picha. Nikishindwa njiani nitarudi niseme nilishindwa wapi. Na nikifika juu Dareda, kabla sijaomba mchango wa mtu yeyote, nitaitafuta nyumba ya yule bibi nimwambie kwamba siku ile sikuwa na jasho. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili.

Mdogo wako,
Mbuke