Kaniki Mguuni kwa Shangazi

Kongowe, Kibaha

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia na korosho zimeanza kudondoka. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza, na haya inabidi uyasikie mpaka mwisho. Mdogo wangu Zuhura akusomee, asiruke neno.

Kazi ya kuku ni ile ile, kusimama bandani kutwa nzima. Kile kidonda cha juu ya kifundo, huu mwaka wa tatu. Unakumbuka nilikwenda kwa mganga Kisarawe. Aliweka kiganja juu yake, akafumba macho, akaniuliza, "Kwenu kuna mwanamke anayefunga mguu kwa kitambaa cheusi?"  Sikuwa nimemwambia neno juu ya Shangazi Somoe na ile kaniki anayoizungusha kila asubuhi, toka vidoleni hadi gotini, kabla hajashuka kitandani. Alijuaje, mpaka leo sijui.

"Anachokifunga pale ni mguu wako," akasema. "Na hiki kidonda usikifunge. Ukikifunga, aliyemo atakosa mlango."

Ndipo nikakupigia simu nikasema shangazi asikanyage tena nyumbani. Kidonda nikakiacha wazi na unga alionipa mganga, kikapanuka. Harufu ikawa inanitangulia, wenzangu wakaanza kula mbali nami. Mwishowe msimamizi akanipeleka kwa nesi wa vidonda hapa Kibaha.

Nesi ni mama mkimya. Alinipaka kitu cha baridi mguuni, akagusisha kijimashine. Mama, mguu ukahema. Shuu, shuu, kama kuna mtu amelala mle ndani. Nilitaka kukimbia.

"Tulia, baba. Ni damu yako. Kushuka inashuka vizuri, kurudi juu ndiko inakoshindwa."

Hakunipa hata kidonge. Aliosha kidonda, akazungusha bandeji ya kuvutika tabaka kwa tabaka. Akaniagiza nitembee kila siku, na nikipumzika niinue miguu.

Wiki ya kwanza nilikuwa nikifika chumbani naifungua. Nesi alijua kwa kuuona uvimbe tu.

"Unamfungulia nani?" akaniuliza. 

Nikaacha kuifungua. Jioni nalala miguu ukutani, nasikiliza kama aliyemo anatafuta mlango. Siku zikapita, ngozi mpya ikaanza kuingia toka pembeni. Sasa kimebaki kama punje ya kunde.

Juzi nesi aliuliza nani kwetu ana mishipa ya miguu iliyotutumka. Nikamtaja shangazi, na kaniki yake. Akaacha kuzungusha bandeji.

"Anaanzia vidoleni? Kabla hajashuka kitandani?"

"Ndiyo."

"Basi huyo miaka yote anajitibu."

Nikautazama mguu wangu ulivyofungwa, ni mguu wa shangazi mtupu. Niliogopa kuliko siku ya mganga, maana safari hii mwenye ubaya nilikuwa mimi.

Msalimie baba mdogo na mkewe, na mashemeji wote. Salamu za shangazi usimtume mtu. Nenda mwenyewe shambani alikohamia, Zuhura amsomee barua hii, nawe umwombe arudi. Zuhura ameniambia kwamba tangu niliposema yale, shangazi aliivua kaniki ili watu waone hamfungi mtu, na kwamba mguu wake umeanza kutoa maji. Mpelekeni hospitali apimwe leo, si kesho. Halafu afungwe mguu, Mama. Mwambie niliyemfungua ni mimi.

Mwanao,
Salum