Kabla ya Uchungu

Karatu, Jumatano

Mpendwa dada Antonia,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mbulu, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha shemeji kimepungua. Mimi naendelea, kidonda cha operesheni kinakauka. Utashangaa kuandikiwa barua zama hizi za simu. Mama yuko hapa ananiuguza, tunalala chumba kimoja, na masikio yake unayajua. Hhando wa dukani anakuja huko leo, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Habari za msiba ulizipata, ila mengine hukuyasikia. Mtoto alizaliwa akilia, lakini kilio chenyewe kilikuwa kidogo, na muda si muda akaanza kuhema mbiombio, mbavu zikiingia ndani. Wakamwekea oksijeni. Sista akambatiza haraka, tukampa jina la marehemu dada yetu Angela, kama Mama alivyotaka. Baba yake, Silvanus, aliwaacha watalii wake kwa dereva mwenzake huko Ngorongoro akaja na vumbi lake, akasimama kwenye kioo. Siku ya tatu mtoto akachoka kuhema. Nasema akachoka kwa sababu ndivyo nilivyoona.

Daktari alituita mimi na Silvanus, akatueleza taratibu. Alisema mapafu ya mtoto aliye tumboni yamejaa maji, na ndivyo inavyotakiwa. Mama akishikwa na uchungu, homoni zinamwagika na kufungua vijilango kwenye seli za mapafu ya mtoto. Vijilango vinafyonza chumvi, na maji huifuata chumvi, basi hewa inapata nafasi. Mtoto akitolewa kabla ya uchungu, tena wiki zake hazijatimia, vijilango vinachelewa kufunguka. Wengi hupona baada ya siku mbili tatu, alisema. Wetu hakupona. Wewe haya uliyasoma chuoni. Mimi ndiyo kwanza nayasikia, huku maziwa yakinitoka.

Majirani wakija kunipa pole wananiambia angalau sikusikia uchungu. Naitikia asante, na moyoni natamani kuwafukuza.

Sasa dada, kaa chini. Watu wote wanajua daktari ndiye aliyepanga ile tarehe. Si kweli. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, kwa hiyo kupasuliwa kulikuwa lazima, lakini daktari alitaka tusubiri wiki zitimie, na uchungu ukinianza kabla ya hapo, niwahi hospitali. Mama alikataa. Alisema Angela naye aliambiwa asubiri, akasubiri mpaka akamfia mikononi. Nilipobisha akanipigia magoti pale pale jikoni, mama yetu, na lile goti lake bovu. Ungefanyaje? Nikamsumbua daktari mpaka akakubali shingo upande.

Daktari alipokuwa anatueleza, Mama alikuwa amefuata uji nyumbani. Silvanus amekubali kunyamaza, ingawa hali tena meza moja naye. Kila mgeni akiingia, Mama anamwambia kwamba mjukuu amekwenda lakini binti amemwokoa. Hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Ila ameanza kuuliza mtoto mwenye uzito mzuri vile aliuawa na nini, na amesema Jumapili ukija, wewe tabibu utamweleza.

Nakuomba umdanganye. Mwambie moyo ulikuwa na tundu, mapafu usiyataje. Najua hupendi uongo, na kazi yako hairuhusu. Lakini ameshazika Angela wawili, na huyu wa pili hataweza kumbeba akijua.

Msalimie shemeji na uwabusu watoto. Barua hii ichome ukishaisoma. Na usingoje Jumapili, dada, njoo kesho ukiweza. Mama ananikanda tumbo kila asubuhi kwa maji ya moto, ananiimbia, na mimi nimemkasirikia kiasi kwamba leo nilifungua mdomo nimwambie. Alidhani maji yameniunguza, akaniomba radhi.

Mdogo wako,
Sabina