Mke Hataji Jina la Mume

Baba Neema,

Ulipata mtoto wa kiume. Mimba uliiacha changa, na sasa mwanao anatambaa. Mimi na Neema tulikirudisha kile chumba cha Bweri kwa mwenye nyumba, tukaja kwa mama yako hapa Buswahili, ulikozikwa.

Maduka ungeyashangaa. Sukari ipo, sabuni ipo, na Bunda mitumba inamwagwa chini, watu wanachagua mpaka rangi. Unakumbuka tulipokuwa bado tunapanga foleni, ukaniambia, "Akiwa dume tumwite Foleni, maana huko ndiko nashindaga"? Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sasa sukari imejaa, na chai nakunywa peke yangu.

Mtoto alipozaliwa alilia, Baba Neema. Alilia hata titi akalikataa. Mama akasema anadai jina. Akampakata, akaanza kumwitia majina ya marehemu wenu, na kila jina akimweleza lilikotoka. Magesa, babu aliyezaliwa wakati wa mavuno. Bwire, aliyezaliwa giza likiingia. Mtoto analia tu. Mimi nimekaa kitandani naomba kimoyomoyo Mama asifike kwako. Akafika. Akamsimulia jinsi mvua ilivyomkuta shambani na uchungu wa kukuzaa, ukaitwa jina la mvua, akalitaja. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Mke hataji jina la mume, awe hai, awe kaburini. Hilo nililijua tangu nilipoolewa. Tangu siku ile boma zima likawa linamwita mwanangu kutwa. Neema anamwita, majirani wanamwita, hata wapita njia. Mimi niliyemzaa nasema "wewe" na "kababa". Jina lako likanizunguka kila upande, na mimi peke yangu nimefungwa mdomo. Upweke wa namna hiyo sikuwahi kuujua, hata siku ya mazishi.

Juzi nilikuwa napepeta mtama uani. Nikainua macho, mtoto ameshafika jikoni, mkono unaiendea sufuria ya uji unaotokota. Nikapiga kelele, "Wambura!"

Mkono ukasimama. Akageuka, akaniangalia, akacheka. Nikamnyakua.

Ndipo nikajua nimesema nini. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilisubiri anigombeze. Akasema, "Mama Neema, ungenyamaza angeungua. Sisi tulikuwaga tunaogopa waume. Huyu si mumeo, ni mwanao. Mwite." Akarudi ndani, nikamwona anafuta macho kwa kanga.

Basi tangu juzi namwita. Namwita hata pasipo na haja, mpaka Neema ananicheka. Lakini nikishamwita moyo unaniuma, kwa sababu miaka yote tuliyoishi pamoja hukunisikia hata mara moja nikilitamka. Nilikuwa nalo mdomoni, mume wangu. Nililimeza kila siku.

Pumzika. Watoto nitawalea, hilo lisikusumbue. Na jina lako nitaliita kwa sauti, hapa hapa uani karibu na kaburi, mpaka nizeeke. Ukisikia ni sauti yangu, usidhani kila mara namwita mtoto.

Mkeo,
Mama Neema